Kiti cha enzi cha Hungaria: kilirithiwa, au mfalme alichaguliwa?

Msomi wa Jioni

Ndugu wanajamvi, nimekuwa nikisoma historia ya wafalme wa Hungaria na nimekwama katika mwaka 1440. Mwezi Mei mwaka huo, mjini Székesfehérvár, mtoto László, mwana wa marehemu Mfalme Albert, alivishwa taji akiwa na umri wa wiki 12 tu. Mwezi Julai, katika mji huohuo, Władysław, mfalme wa Poland, naye akavishwa taji la Hungaria. Ikiwa ufalme ulikuwa wa kurithi, huyu wa pili aliingilia mlango gani? Na ikiwa ulikuwa wa kuchaguliwa, mama wa mtoto alihangaika ya nini? Naomba mwenye ujuzi anifafanulie.

Nahodha Mstaafu

Mleta mada, mvutano huo ni wa zamani kuliko unavyodhani. Katika ukoo wa Árpád, nasaba ya kwanza ya watawala wa Hungaria, desturi ya awali ilimtambua mwanamume mkubwa wa ukoo, ambaye mara nyingi alikuwa ndugu na si mwana. Koppány alidai utawala kwa hoja hiyo mwaka 997, akashindwa na István, mwana wa mtawala aliyetangulia, na mwili wake ukakatwa vipande vinne vilivyotundikwa katika miji mbalimbali. Hata hivyo desturi haikufa pamoja naye. Andrea wa Kwanza alipomvisha taji mwanawe Solomoni, aliyekuwa bado mtoto mdogo, nduguye Béla aliona haki yake imeporwa. Masimulizi ya kale yanaeleza kwamba mfalme, akiwa mgonjwa huko Várkony, aliweka taji na upanga mbele ya nduguye na kumwambia achague. Béla, aliyekuwa amekwisha kunong'onezwa mlangoni kwamba akigusa taji atauawa, akachukua upanga. Baadaye alikimbilia Poland, akarudi na jeshi, na mwaka 1060 akawa mfalme.

Mwana wa Maktaba

Nahodha ameeleza vizuri habari za damu, lakini jibu la 1440 limo katika taji lenyewe. Ukoo wa Árpád ulipokatika mwaka 1301, Károly Róbert wa nasaba ya Anjou alilazimika kutawazwa mara tatu. Mara mbili za kwanza taji lililotumika halikuwa Taji Takatifu, yaani lile lililohusishwa na Mfalme István, kwa hiyo wengi hawakumhesabu kuwa mfalme kamili. Taji hilo lilikuwa mikononi mwa László Kán, mtawala wa Transylvania, na halikutoka mpaka mjumbe wa Papa alipomtenga na Kanisa. Ndipo mwaka 1310 Károly akatawazwa kwa masharti yote matatu: Taji Takatifu, mkono wa Askofu Mkuu wa Esztergom, na mji wa Székesfehérvár.

Malkia Elizabeth, mjane wa Albert, aliyajua masharti hayo vyema. Makabaila, kwa kuwahofia Waturuki, walitaka aolewe na Władysław, kijana wa miaka 15, naye alikuwa mjamzito. Februari 1440 alimtuma mwanamke wa nyumbani mwake, Helene Kottannerin, akaiba taji katika ngome ya Visegrád. Lilishonewa ndani ya mto wa kulalia, likavushwa juu ya barafu ya Mto Danube, na mtoto akazaliwa usiku uleule lilipofika. Bibi huyo aliacha kumbukumbu zake kwa Kijerumani; kwa maoni yangu, ni shahidi mwenye thamani kuliko waandishi wengi wa kiume wa zama zake.

Makabaila hawakutishika. Walichukua taji lililokuwa kwenye sanduku la masalia ya kichwa cha Mtakatifu István, wakamvisha Władysław, na kutangaza kwa maandishi kwamba nguvu ya taji hutokana na ridhaa ya watu wa ufalme, maana yake wao wenyewe.

Msomi wa Jioni

Nashukuru sana. Je, mtoto yule aliwahi kutawala?

Nahodha Mstaafu

Alitawala, lakini si kwa muda mrefu. Władysław aliuawa vitani Varna mwaka 1444, makabaila wakamkubali László, huku nchi ikiongozwa na János Hunyadi kwa niaba yake. László akafa mwaka 1457 akiwa na miaka 17, bila mtoto. Mwaka uliofuata walimchagua Mátyás, mwana wa Hunyadi, ambaye hakuwa na tone la damu ya kifalme. Hata yeye, pamoja na kuchaguliwa, alikubali kulipa sarafu za dhahabu 80,000 ili Kaisari Friedrich wa Dola Takatifu la Kirumi, ambaye taji lilikuwa mikononi mwake, arudishe Taji Takatifu, na akatawazwa mwaka 1464.

Haki ya kuchagua ilisalimishwa mwaka 1687, bunge la Pozsony (leo Bratislava) lilipokubali urithi wa wanaume wa nasaba ya Habsburg, lakini taji lilibaki na uzito wake. Joseph wa Pili, mtawala wa nasaba hiyo, alikataa kutawazwa ili asile kiapo cha kulinda sheria za nchi, na mwaka 1784 akalihamishia taji Vienna. Wahungaria walimwita mfalme wa kofia, kwa kuwa hakuwahi kuvishwa taji.