Watafiti wanajuaje mazingira walimoishi zamadamu wa Olduvai?

Mdadisi
Wanajamvi, naomba ufafanuzi. Katika kusoma habari za Bonde la Olduvai, nakuta mahali pamoja pameandikwa kwamba Zinjanthropus, mmoja wa zamadamu (jamaa wa kale wa binadamu), ambaye mtafiti Mary Leakey aligundua fuvu lake mwaka 1959, aliishi kwenye mbuga ya nyasi. Kwingine naambiwa palikuwa na miti kando ya chemchemi, na kwingine tena kwamba palikuwa na ziwa la magadi. Je, watafiti hawa wanapingana? Na mtafiti wa mazingira ya kale hupima kitu gani hasa, ilhali mimea ya wakati huo ilikwisha kuoza?

Chokaa
Ndugu Mdadisi, majani huoza, lakini nta inayoyafunika huweza kudumu ndani ya tope la ziwa kwa mamilioni ya miaka. Nyasi nyingi za nchi za joto hujitengenezea chakula kwa njia tofauti na miti, na kwa hiyo hubaki na kaboni-13, yaani aina nzito kidogo ya kaboni, nyingi zaidi. Mtafiti akipima kaboni hiyo katika nta, anaweza kukadiria uwiano wa nyasi na miti katika eneo lote lililomwaga maji yake ziwani. Clayton Magill na wenzake walipofanya hivyo kwa mashapo ya Olduvai ya kati ya miaka milioni 2.0 na milioni 1.8 iliyopita, waliona kwamba mandhari iligeuka mara kadhaa kutoka miti mingi hadi nyasi tupu, kisha ikarudi tena, kwa kufuata kuyumba kwa mhimili wa dunia ambako huchukua takriban miaka 20,000 kwa mzunguko mmoja na hubadilisha nguvu ya mvua za msimu. Kwa hiyo anayesema nyasi na anayesema miti wanaweza wote kuwa sahihi, kila mmoja kwa tabaka lake.

Hata ndani ya tabaka moja hakukuwa na sura moja. Ziwa lilikuwa na chumvi na magadi, maji yasiyofaa kunywewa, lakini kandokando yake zilibubujika chemchemi za maji baridi, na penye chemchemi miti ilistawi.

Jino la Kale
Naongeza jambo ambalo mara nyingi hurukwa: kila ushahidi una kipimo chake cha muda. Vidonge vya chokaa vinavyojijenga ndani ya udongo hukusanya habari za mimea ya mahali palepale kwa mamia au maelfu ya miaka. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hujengeka kwa miaka michache tu ya utoto, nayo hueleza mwenye jino alikula nini, bila kutuambia nje palikuwa na nini. Zinjanthropus, ambaye leo huwekwa katika spishi ya *Paranthropus boisei*, alipewa jina la utani la mvunja kokwa kwa sababu ya taya na magego yake makubwa. Thure Cerling na wenzake walipopima meno ya spishi hiyo kutoka Kenya mwaka 2011, walikuta zaidi ya robo tatu ya kaboni yake ilitokana na nyasi au jamii za ndago. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba aliishi kwenye nyasi tupu, na angekosea, maana mnyama anaweza kulala chini ya miti na kulisha ukingoni mwa kinamasi.

Kwa upande wa pili kuna Laetoli, si mbali na Olduvai, ambako majivu ya volkano ya miaka milioni 3.66 iliyopita yamehifadhi nyayo za zamadamu, za wanyama wengi, na hata vishimo vya matone ya mvua. Pale unasoma siku chache, pengine majuma machache, kwa uwazi ambao hakuna kidonge cha chokaa kitakachokupa. Hata hivyo, siku hizo chache haziwezi kukuambia hali ya hewa ya karne nzima.

Mdadisi
Ahsanteni sana. Basi ni halali kusema kwamba kubadilika kwa mazingira ndiko kulikowafanya zamadamu wabadilike?

Chokaa
Hapo mimi ningesita. Umri wa matabaka hutokana na kupima agoni, gesi inayojikusanya polepole kadiri miaka inavyopita, katika majivu ya volkano, na kipimo cha kwanza kabisa cha Olduvai, cha mwaka 1961, kilitoa miaka milioni 1.75, ambayo vipimo vya baadaye vimeisogeza nyuma hadi karibu milioni 1.84. Ikiwa marekebisho yenyewe yanapita mizunguko kadhaa ya miaka 20,000, kulifunga fuvu moja na kipindi fulani cha ukame kunahitaji tahadhari kubwa. Isitoshe, *Homo habilis*, zamadamu mwingine aliyetangazwa mwaka 1964, amepatikana katika matabaka yaleyale ya chini ya Olduvai alimopatikana *boisei*. Anayesema mazingira ndiyo yaliyotuunda ana deni la kueleza kwa nini ukanda uleule wa ziwa ulilea viumbe wawili wenye meno tofauti kiasi hicho.