Naombeni ushauri, ukoo wa Chalukya unanichanganya

Wakuu habari zenu, nachora mti wa ukoo wa wafalme wa Karnataka kule India nimekwama. Chalukya wa Badami (mji wao mkuu), wale wa mfalme Pulakeshin wa pili aliyemzuia Harsha, mfalme wa India ya kaskazini, waliangushwa na ukoo mwingine wa Rashtrakuta karne ya 8, halafu 973 anaibuka Tailapa wa pili anawapindua Rashtrakuta na watu wake wanadai ni damu ileile ya Badami. Sasa mi niunganishe kwa mstari mmoja au niweke nukta nukta? Maana kila mfalme akishashinda anajitafutia babu mkubwa bana.

Na yale mawe ya mashujaa, viragallu, yanayochongwa shujaa akipigana hadi anapelekwa mbinguni, yanafaa kama ushahidi wa ukoo au ni sifa tu?