Kadi ya usimamizi wa mbali kwenye seva ya Newala: tundu lake haliwaki taa, nami nataka kuifikia nikiwa Mtwara

MtunzaSeva aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninatunza seva ya chama kimoja cha ushirika kilichopo Newala, nami makazi yangu ni Mtwara mjini. Seva hiyo ndiyo yenye kumbukumbu za mizani na za stakabadhi za wakulima wa korosho, kwa hiyo kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa, ikisimama hata nusu siku kuna wazee wanaokaa kwenye mabenchi wakisubiri karatasi zao.

Msimu uliopita umeme ulikatika usiku mmoja, ukarudi, lakini mfumo haukurudi. Karani alinipigia simu akaniambia kwamba taa zinawaka na feni zinavuma, ila hakuna kompyuta inayoweza kuingia. Nilipanda gari asubuhi, nikasafiri zaidi ya kilomita 100 hadi juu ya uwanda wa Makonde, nikachomeka skrini na kibodi, nikakuta maandishi meupe yakisema kwamba kumetokea tatizo la kumbukumbu au betri na kwamba nibonyeze kitufe chochote ili kuendelea. Nikabonyeza, na baada ya dakika chache kila kitu kikawa sawa. Siku nzima ya kazi ya watu ilipotea kwa sababu ya kitufe kimoja, na tangu siku ile nimeamua kwamba seva hii lazima iwe na namna ya kuangaliwa kutoka mbali.

Seva yenyewe ni Dell PowerEdge T420 iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na programu endeshi ni Linux. Niliagiza Dar es Salaam kadi ndogo ya iDRAC (mfumo wa Dell wa kuiangalia na kuiendesha seva kutoka mbali) yenye tundu lake la mtandao, nayo pia imetumika. Nimeichomeka kwa uangalifu mahali pake kwenye ubao mkuu, nikaunganisha kebo kwenye swichi, lakini tundu haliwaki taa kabisa. Nikiingia kwenye mipangilio kwa F2, kwenye kipengele cha kuchagua tundu, neno «Dedicated» limefifia na halichaguliki. Je, kadi ni mbovu? Pili, ofisi ile inapata intaneti kwa ruta ya laini ya simu tu. Fundi mmoja amenishauri nifungue milango kwenye ruta ili kadi ionekane moja kwa moja kwenye intaneti. Je, ushauri huo ni salama?

FundiShangani alijibu:

Ndugu, kadi yako huenda haina ubaya wowote. Kwenye T420 na ndugu zake wa kizazi hicho, yaani T320, R320 na R420, kile ulichonunua ni tundu tu pamoja na nafasi ya kadi ya SD. Akili yote ya iDRAC7 imo kwenye ubao mkuu tangu kiwandani, na kinachoamua kama tundu hilo litafanya kazi ni leseni ya Enterprise, ambalo ndilo daraja la juu. Leseni hiyo ni faili linalofungamanishwa na namba ya utambulisho wa seva, ile «Service Tag» iliyoandikwa kwenye kasha, kwa hiyo muuzaji anapong'oa kadi kwenye seva moja na kukuuzia, leseni inabaki kule ilikotoka. Wengi wanapoteza fedha hapa, kwa sababu muuzaji anakuonyesha kadi nzima, safi, isiyo na kutu, nawe unaamini umenunua uwezo wote. Kabla ya kununua, omba kuona namba ya leseni inayolingana na seva yako, vinginevyo usilipe bei ya Enterprise.

Wakati unashughulikia leseni, usikae bure. Hata bila leseni hiyo, seva yako ina daraja la chini la iDRAC, na daraja hilo linaweza kutumia tundu la kwanza la seva yenyewe kwa kushirikiana. Rudi kwenye F2, chagua «LOM1», weka anwani ya kudumu inayolingana na mtandao wa ofisi, kwa maana anwani ya kiwandani ni 192.168.0.120 na huenda haiendani na mtandao wako. Jina la kiwandani ni root na nywila ni calvin. Badilisha nywila hiyo kabla hujachomeka kebo, si baada ya hapo. Washa pia IPMI kupitia mtandao, yaani kanuni ya kuiamuru seva kutoka mbali, maana utaihitaji.

Bila leseni ya Enterprise hutaona skrini ya seva kwenye kivinjari, lakini utaweza kuiwasha na kuizima, kusoma joto, feni na hali ya vifaa vya umeme, na kusoma daftari la matukio. Zaidi ya hayo, kuna njia ambayo watu wengi wameisahau, nayo ni kupeleka maandishi ya skrini kupitia laini ya mfululizo ndani ya mtandao. Kwenye bayosi, yaani mipangilio ya msingi ya seva unayoifungua kwa F2, sehemu ya «Serial Communication», ruhusu maandishi yaelekezwe COM2, kisha kwenye Linux ongeza `console=tty0 console=ttyS1,115200` kwenye mstari wa uanzishaji. Ukiwa mbali utaandika:

`ipmitool -I lanplus -H anwani_ya_kadi -U jina -a sol activate`

Herufi `-a` inakufanya uulizwe nywila badala ya kuiandika wazi kwenye amri. Ujumbe ule uliokupandisha Newala ungeuona hapo, na kitufe chochote ambacho ungebonyeza kingefika. Ukihitaji F1 bonyeza Esc kisha 1, na kwa F2 bonyeza Esc kisha 2. Ili kutoka humo, andika `~.` mwanzoni mwa mstari.

Nakuomba pia usiupuuze ujumbe wenyewe. Unatoka kwenye kidhibiti cha diski, nao unasema kwamba betri yake haikuweza kulinda data iliyokuwa ikisubiri kuandikwa umeme ulipokatika. Maana yake kuna maandishi ambayo hayakufika kwenye diski usiku ule. Badilisha betri hiyo, na ulinganishe kumbukumbu za mizani za siku ile na vitabu vya karatasi vya chama.

Nanguruwe aliandika:

Mimi naona tunazunguka mbali. Kwa nini asiweke programu ya kawaida ya kuingia kwenye seva kwa mbali, kama SSH, au programu ya kuona skrini? Ni bure na inafanya kazi leo.

FundiShangani alijibu:

Kaka, hizo ni nzuri na lazima awe nazo, lakini zote zinaishi ndani ya programu endeshi. Usiku ule Linux ilikuwa haijaanza hata kidogo, kwa hiyo hakuna SSH ambayo ingemjibu. iDRAC iliyo kwenye ubao mkuu, ambayo hapa tunaiita kadi tu, ni kompyuta ndogo ya pekee yenye kichakataji chake na kumbukumbu zake, nayo hupata umeme mradi waya wa seva umechomekwa ukutani, hata seva ikiwa imezimwa. Hapo ndipo ilipo tofauti.

BiMitambo_Lindi aliandika:

Namuunga mkono FundiShangani kuhusu leseni, nami nijibu swali la pili, kwa sababu ndilo lililoniumiza.

Usifungue milango kwenye ruta, ndugu yangu. Kwanza, huenda hata haitafanya kazi, kwa kuwa laini nyingi za simu hazikupi anwani ya umma iliyo yako peke yako. Umewekwa nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine wengi, na mlango ukifunguliwa kwenye ruta yako hakuna atakayeweza kuufikia. Pili, hata kama ingewezekana, kadi hizi hazikutengenezwa kukaa wazi mbele ya dunia. IPMI 2.0, ambayo ni kanuni ya mwaka 2004, ina kasoro ya asili iliyojulikana wazi mwaka 2013: mtu yeyote anayeifikia anaweza kuomba alama iliyotokana na nywila yako kabla hajathibitishwa, akaenda nayo nyumbani kwake na kubahatisha taratibu bila wewe kujua. Kasoro hiyo imo kwenye kanuni yenyewe, kwa hiyo kusasisha programu ya kadi hakuiondoi. Mwaka 2017 ilitangazwa kasoro nyingine kwenye iLO 4, ambazo ni ndugu wa iDRAC kwenye seva za HP, ambapo kutuma herufi A mara 29 mahali fulani kwenye ombi kulitosha kupita bila nywila. Mwenye kadi ana seva: anaweza kuizima, kuiwasha, hata kuipa programu endeshi nyingine. Weka nywila ndefu, ukikumbuka kwamba IPMI 2.0 haipokei zaidi ya herufi 20, na uifiche kadi nyuma ya VPN, yaani njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilipoanza, niliiweka VPN ndani ya seva ile ile niliyotaka kuilinda. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi mingi, nikaridhika. Siku seva iliposimama, VPN ilisimama nayo, na kadi ikabaki hai, ina umeme, ina anwani, lakini hakuna njia ya kuifikia. Njia ya kwenda kwenye kadi haipaswi kupita kwenye kitu ambacho kadi hiyo imewekwa kukiokoa. Na ukitumia tundu la kushirikiana la LOM1, kuna sababu nyingine: seva yenyewe kwa kawaida haiwezi kuifikia kadi yake kupitia tundu hilo hilo, kwa hiyo VPN ya ndani ya seva haitakusaidia hata siku njema.

Ninachotumia sasa ni ruta ndogo ya MikroTik yenye programu ya RouterOS 7, ambayo ina WireGuard, aina mojawapo ya VPN, ndani yake. Yenyewe ndiyo inayopiga hodi nje, kwenda kwenye seva ndogo ya kukodi, nami kompyuta yangu inapiga hodi hapo hapo, tunakutana katikati. Kwa kuwa ruta ndiyo inayoanzisha mawasiliano, kukosa anwani ya umma si tatizo tena. Weka `persistent-keepalive` ya sekunde 25 ili njia isifungwe inapokaa kimya. Ruta hiyo, ruta ya laini ya simu na swichi zote ziwe kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya peke yake, usizichanganye na seva, kwa sababu seva itaimaliza betri haraka, na vifaa hivi vidogo vinaweza kukaa muda mrefu.

Neno moja kuhusu seva ya kukodi: ichukue Dar es Salaam, hata kama ya nje ni nafuu. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga nikiwa Dar es Salaam kutafuta vipuri, na siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, kebo za baharini za SEACOM na EASSy zikapata hitilafu. Njia ya gari haikuwepo, na mawasiliano ya kwenda nje ya nchi yalikuwa ya kusuasua. Niliifikia kadi ya Lindi kwa sababu njia yangu yote ilikuwa ndani ya Tanzania.

MtunzaSeva aliandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimerudi kutoka Newala jana. Nimehamia LOM1, nimebadilisha nywila, nimeweka MikroTik kwenye UPS yake, na kutoka hapa Mtwara nimesoma joto la chumba kile: hewa inayoingia ina nyuzi 31. Betri ya kidhibiti cha diski nimeiagiza. Tumekaa na karani tukalinganisha siku ile, tukakuta vipimo vitatu vya mizani havimo kwenye mfumo lakini vimo kwenye kitabu, tumeviingiza.

Nina maswali mawili madogo. Umeme unaporudi, nifanyeje seva iwake yenyewe? Na nikija kupata Enterprise, naweza kusakinisha Linux upya nikiwa Mtwara kwa laini ya simu?

FundiShangani alijibu:

La kwanza, kwenye bayosi tafuta «AC Power Recovery» uiweke «Last», ili seva irudi kwenye hali iliyokuwa nayo, na uipe ucheleweshaji wa kutosha ili umeme utulie kwanza, kwani ukirudi mara nyingi hukatika tena ndani ya dakika moja. Kadi yenyewe nayo huchukua dakika moja au mbili kuamka, usiogope ikikaa kimya. Zima pia «F1/F2 Prompt on Error», ili angalau makosa madogo ya bayosi yasiisimamishe seva ikingoja mtu. Na ukiwa mbali, anza daima na kuzima kwa utaratibu, yaani `chassis power soft`, maana `power off` ni sawa na kung'oa waya, na hifadhidata haitakusamehe.

La pili, inawezekana lakini kwa njia ya kawaida utateseka, kwa sababu faili la usakinishaji litasafiri kutoka kompyuta yako, kipande kwa kipande, kupitia laini ya simu hadi kwenye kadi. Acha faili hilo kwenye kompyuta nyingine ndani ya ofisi ya Newala, ukiigawa folda yake kwa NFS au CIFS, kisha iambie kadi ilichukue hapo hapo. Wewe utakuwa unabonyeza vitufe tu. Kama hilo ni gumu, acha kijiti cha USB kimechomekwa nyuma ya seva.

MtunzaSeva aliandika:

Jana saa mbili usiku umeme wa Newala ulikatika. UPS ya ruta iliendelea kufanya kazi, ya seva ikaisha. Uliporudi nilisubiri dakika mbili, nikaiuliza kadi hali ya umeme wa seva, ikajibu kwamba imewaka. Nikafungua laini ya maandishi, nikauona ujumbe ule ule wa betri, kwa sababu betri mpya bado iko njiani. Nikabonyeza kitufe cha nafasi hapa mezani kwangu, na mistari ya Linux ikaanza kushuka. Karani alipofungua ofisi asubuhi mfumo ulikuwa tayari. Faili la leseni likifika nitaandika hapa kama tundu la kadi limewaka taa.