Rimoti ya Wii inasumbuliwa na jua la alasiri, naomba ushauri

Ndugu wanachama, habari za jioni. Nina Wii, ile mashine ya michezo ya video ya Nintendo, hapa Sinza, ambayo rimoti yake ina kamera ndogo mbele inayosoma mionzi ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kutoka ncha mbili za kile kijiti cha plastiki kinachokaa juu ya televisheni. Usiku haina tatizo, lakini jua la alasiri likipiga dirisha lililo nyuma ya televisheni, alama ya mkono kwenye skrini hurukaruka hovyo, ingawa kwa kamera ya simu naona taa za kijiti zikiwaka zambarau. Nimebadilisha betri na kukishusha kijiti chini ya skrini, wapi! Je, pazia zito litazuia mionzi hiyo ya jua, au ni lazima nihamishe televisheni ukuta mwingine?