Tupeane uzoefu: programu iliita amri ya shell, ikakuambia "tayari" kumbe wapi

Mzee wa Zamu: Wakuu, leo nimekagua kazi ya kijana wangu, nikakuta os.system, ile ya Python ya kuita amri ya shell, imeitwa na jibu lake (namba inayoachwa amri ikimaliza, sifuri ni salama) halisomwi popote. Moyo ukanipiga paa. Nani yalishamkuta?

Fundi Usiku: Mimi. Duka la jumla la dawa. Skripti ya Python kila saa nane usiku inaita mysqldump (ya kutoa nakala ya database), inapitisha kwenye gzip (ya kubana faili), ikirudishiwa sifuri inanitumia meseji "bakapu tayari". Miezi miwili nazipokea. Diski ikafa. Naenda kwenye bakapu, napiga ls -l: 20, 20, 20, 20. Baiti ishirini kila faili, hadi chini ya skrini. Nenosiri la database lilishabadilishwa, mysqldump inafukuzwa mlangoni, gzip inafunga hewa tupu na kutoka na sifuri yake. Na shell ikiunganisha amri kwa bomba hurudisha jibu la ile ya mwisho tu. Tajiri kasimama nyuma yangu: "Kijana, madeni ya wateja wangu yako wapi?" Wiki tatu tuliingiza risiti kwa mkono, mkewe anasoma, mimi naandika.

Binti Pwani: Baiti 20! Mwili umenisisimka. Pole sana kaka.

Kobe: Dawa ni set -o pipefail, amri moja kwenye bomba ikifeli bomba zima lihesabiwe limefeli, basi.

Jembe la Kale: Usipotoshe watu. shell=True ya Python inaita /bin/sh, na kwenye seva yangu ya Ubuntu hiyo ni shell ya dash, si bash. Niliiwekea pipefail ikaikataa. Achaneni na shell, tumieni subprocess.run ya Python yenye orodha ya maneno ya amri na check=True, inayotupa kosa jibu lisipokuwa sifuri.

Kobe: Hiyo check=True yako iliniulia programu mchana kweupe. grep, amri ya kutafuta neno, ikilikosa hurudisha 1, na hilo si kosa. Kosa lake ni 2. Soma maelezo ya kila amri kwanza.

Jembe la Kale: Hapo sibishi.

Mama Seva: Mimi nilisubiri 1 kutoka os.system, Linux ikanipa 256 (jibu mara 256). Siku nzima imepotea.

Binti Pwani: Jibu la 127 kwenye cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) je? Kwa mkono inakubali.

Mama Seva: Amri haionekani, PATH ya cron (orodha ya folda za kutafutia amri) ni fupi. Andika njia kamili.

Mzee wa Zamu: Fundi, yule tajiri mliachana?

Fundi Usiku: Bado niko naye mkuu. Ila kila Jumamosi lazima nirejeshe bakapu kwenye laptopu yake, aone mwenyewe jina la mteja wa kwanza.