Ofa ya bima wiki ya 6 na mfupa bado haujaunga: fidia ya haki inakokotolewaje?

Mnyambuzi

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua kesi za majeruhi.

Majeruhi ana miaka 34, ni seremala aliyejiajiri. Aligongwa na gari akivuka barabara, muundi wa kulia ukavunjika, ukafungwa bamba la chuma na skrubu 7. Sasa ni wiki ya 6 na bado anatembelea magongo. Bima ya mwenye gari imemwandikia kwamba italipa risiti zote za hospitali na kuongeza mara 2 ya jumla hiyo "kwa ajili ya maumivu", mradi asaini hati ya kumaliza madai ndani ya siku 14. Barua hiyohiyo inasema alivuka pasipo na kivuko, kwa hiyo hata hicho wanakitoa kwa hisani tu.

Asaini au asubiri? Kipato cha mtu asiye na hati ya mshahara kinathibitishwa vipi? Na hilo la kivuko lina uzito gani?

Mizani

Asisaini. Soma maneno ya hati yenyewe, mara nyingi utakuta kitu kama "madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya sasa na ya baadaye". Sahihi ikishawekwa, mfupa ukigoma kuunga na akarudishwa chumba cha upasuaji, gharama ni zake.

Hatari hiyo ni ya kweli. Muundi wa mtu mzima huchukua takribani miezi 4 hadi 6 kuunga, na kati ya mifupa mirefu ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu bila nyama na damu inayoufikia ni chache. Wiki ya 6 hakuna daktari anayeweza kusema kwa uhakika kama mguu utafupika, kama kifundo kitakaza au kama kidonda kitaota usaha. Madai hukadiriwa hali ikishatulia, yaani daktari anapoandika kwamba kilichobaki sasa ndicho atakachoishi nacho.

Siku 14 ni za kwao, si za sheria. Muda unaomhusu ni ukomo wa kufungua kesi, ambao sehemu nyingi ni miaka 2 au 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali au la halmashauri, mara nyingi kuna notisi ya kutoa mapema zaidi, hivyo hilo liangaliwe wiki hii hii. Na hapa ndipo wengi wanapopoteza haki: kuandikiana barua na bima kwa kawaida hakusimamishi saa. Bima inaweza kuzungumza naye kwa upole hadi siku ya mwisho ipite, kisha ikanyamaza.

Ajibu kwa maandishi, kifupi: "Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Matibabu yanaendelea. Nitawasilisha madai kamili baada ya ripoti ya mwisho ya daktari. Kwa sasa naomba malipo ya awali ya gharama zilizokwisha kutumika, bila kuathiri haki ya madai yaliyobaki." Wakikubali kulipa cha awali, aangalie stakabadhi watakayomletea. Ikiwa na maneno "malipo kamili na ya mwisho", airudishe bila kusaini.

Karani wa Hesabu

Naongezea upande wa namba, maana hiyo "mara 2 ya risiti" haina msingi wowote wa haki. Anayetibiwa bure angekuwa hana maumivu? Kanuni inayofuatwa na mahakama nyingi ni ile ya Jaji Blackburn katika kesi ya Livingstone dhidi ya Rawyards Coal ya mwaka 1880: pesa imrudishe aliyedhurika, kadiri pesa inavyoweza, pale ambapo angekuwa kama dhara lisingetokea. Kwa hiyo unaanza na alichopoteza, si na jumla ya bili.

Kwanza hasara zenye karatasi: dawa, kipimo cha eksirei, magongo, tiba ya viungo, nauli za kliniki. Hizi zisipothibitishwa hazilipwi, hata kama kila mtu anajua zilitumika. Risiti zile za karatasi laini ya mashine hufifia na baada ya miezi michache huwa nyeupe kabisa, kwa hiyo zipigwe picha siku hiyohiyo. Kwa nauli atumie daftari: tarehe, ametoka wapi kwenda wapi, kiasi. Ndugu anayemwogesha na kumpikia naye aandikiwe saa zake. Sehemu nyingi huduma hiyo inadaiwa hata kama ndugu hakulipwa.

Kipato cha seremala sasa. Kusanya daftari la oda, taarifa ya benki au ya pesa za simu ya miezi 12 kabla ya ajali, risiti za mbao, makadirio ya kodi kama anayo, na barua za wateja 3 au 4 zikitaja kazi na bei. Kosa linaloonekana sana ni kudai mauzo yote, na bima hulishika mara moja. Kosa la pili ni kinyume chake, kutoa matumizi yote. Tazama mfano huu (namba hazina sarafu, weka yenu): mauzo ya mwezi 900, mbao na gundi 400, pango la karakana 100. Asipofanya kazi hanunui mbao, lakini pango linaendelea kulipwa. Hasara yake ya mwezi ni 500, si 900 wala 400. Akikaa miezi 8 bila kazi, hiyo ni 4,000.

Ya mbele ni ngumu zaidi. Asilimia ya ulemavu anayoandika daktari si asilimia ya kipato kilichopotea. Ulemavu wa 15% kwa mtu wa mezani unaweza usimguse mfukoni. Seremala asiyeweza kuchuchumaa wala kupanda ngazi atahitaji msaidizi kila siku. Msaidizi akilipwa 150 kwa mwezi, ni 1,800 kwa mwaka. Hadi umri wa miaka 60 imebaki 26, lakini mahakama nyingi haitazidisha kwa 26, kwa sababu pesa inakuja yote leo na maisha yana mashaka yake. Itatumia kizidishi cha chini. Kikiwa 15, inakuwa 27,000. Linganisha na ile ofa.

Maumivu na kupungukiwa raha ya maisha hukadiriwa kwa kuangalia hukumu za majeraha yanayofanana, huko huko alipo. Hilo wakili atalichimba.

Faili la Kliniki

Yote hayo yanasimama au kuanguka kwa ripoti ya daktari. Ripoti inayosema "alivunjika mguu, anaendelea vizuri" inamuumiza mdai kuliko kutokuwa nayo. Iombwe iandike vipimo: mguu wa kulia ni mfupi kwa sentimita ngapi, kifundo kinakunjika juu kwa digrii ngapi, ilhali kwa kawaida ni karibu 20, anaweza kusimama dakika ngapi kabla ya kuvimba, bamba litatolewa au litabaki, na likitolewa gharama ni kiasi gani kwa bei iliyoandikwa, kuna uwezekano gani wa maungio kusagika baadaye. Na sentensi moja isikosekane, kwamba kwa maoni ya daktari hali hii imesababishwa na ajali ya tarehe ile.

Kila kliniki, akiulizwa "hujambo?" asiishie "sijambo". Jibu hilo la adabu huandikwa kwenye faili kama "hana malalamiko", na mwaka mmoja baadaye linasomwa mbele ya hakimu. Aseme: "Nikipanda ngazi 10 naumia hapa." Vilevile asiruke miadi, maana pengo la miezi 2 kwenye faili hutafsiriwa kuwa alishapona.

Kama mguu huo ulikuwa na tatizo la zamani, alitaje mwenyewe. Kuwa dhaifu tangu awali hakumwondolei mkosaji wajibu, ila kulificha kunaua uaminifu wa madai yote.

Mizani

Hilo la kivuko. Nchi nyingi zina kanuni ya uzembe wa kuchangia: kosa la majeruhi linapunguza fidia kwa asilimia yake, halifuti. Madai ya 40,000 na lawama ya 30% yanabaki 28,000. Hiyo ni haki yake, haiitwi hisani. Kuna sehemu chache kali, kama majimbo ya Alabama, Maryland na North Carolina kule Marekani, ambako lawama hata ndogo inaweza kufuta madai yote, ndiyo maana sheria ya mahali husika iangaliwe kwanza.

Asikubali asilimia yoyote kwenye simu, na mahojiano ya kurekodiwa ayakatae hadi apate ushauri. Swali si kivuko peke yake. Gari lilikuwa na mwendo gani? Dereva alikuwa na mita ngapi za kumwona? Arudi mtu pale, saa ileile, apige picha za taa na za kona, apime kwa futi kamba kutoka alipogongwa hadi kivuko cha karibu. Kivuko kikiwa mita 400 mbali, hoja yao inapungua nguvu. Kamera za maduka hufuta picha zenyewe baada ya siku au wiki chache tu. Iandikwe barua leo kuomba zihifadhiwe, nakala ibaki na sahihi ya aliyeipokea.

Mnyambuzi

Nashukuru sana, wakuu. Nimeona kosa la pango la karakana kwenye hesabu yetu. La mwisho: wakili anataka 30% ya kitakachopatikana. Ni sawa?

Karani wa Hesabu

Kwanza hakikisha malipo ya asilimia yanaruhusiwa huko, kuna nchi yamekatazwa. Kama yanaruhusiwa, uliza: 30% inakatwa kabla au baada ya gharama za kesi? Chukua fidia ya 30,000 na gharama 3,000. Ikikatwa kabla, wakili 9,000, gharama 3,000, majeruhi anabaki na 18,000. Ikikatwa baada, wakili 8,100 na majeruhi 18,900. Uliza pia nani analipa gharama za upande wa pili kesi ikishindwa, na kama bima ya afya iliyomtibu ina haki ya kurudishiwa pesa zake kutoka kwenye fidia. Majibu yote yaandikwe kwenye mkataba kabla faili halijafunguliwa, pamoja na jina la akaunti ambayo pesa itaingia.