Tartuffe jukwaani Bagamoyo: mnafiki avae nini?

BintiDunda:
Salaam wanajamvi. Kikundi chetu cha vijana hapa Bagamoyo kinafanya mazoezi ya Tartuffe, tamthilia ya Molière wa Ufaransa. Kwa asiyeijua: Orgon, tajiri wa Paris, anakutana kanisani na mtu anayepiga magoti mbele yake, anavuta pumzi nzito, anabusu sakafu. Basi anamhamishia nyumbani, anataka kumwoza binti yake ambaye tayari ana mchumba, mwisho anamwandikia mali yote. Huku nyuma mgeni anamtongoza mke wa mwenyeji wake.

Juzi alikuja kututazama mzee tunayemheshimu sana. Akasema tukimvisha Tartuffe kanzu na tasbihi tutawaudhi Waislamu, tukimvisha joho na rozari tutawaudhi Wakatoliki, na mji huu tunazikana wote. Neno lake limenikaa moyoni. Avae nini? Na kweli mchezo huu unaikejeli dini?

Mkwaju:
Dada, Molière mwenyewe alilipitia hilo. Mchezo ulionyeshwa Versailles Mei 1664 mbele ya Mfalme Louis XIV, ukazuiwa kuchezwa hadharani. Mwaka 1667 akaurudisha umebadilishwa: Tartuffe kaitwa Panulphe, kavalishwa kama bwana wa mjini, kofia ndogo, nywele ndefu, upanga, lesi. Ulichezwa mara moja tu, ukafungiwa, na Askofu Mkuu wa Paris akatishia kuwatenga na kanisa watakaouigiza, kuusoma au kuusikiliza. Ruhusa ilipatikana Februari 1669. Kwa hiyo nguo peke yake haitakuokoa.

Kitakachokuokoa ni Cléante, shemeji yake Orgon. Yeye ndiye anayemweleza kwamba wacha Mungu wa kweli wapo, na hawajitangazi. Hotuba zake ni ndefu, mikono itawawasha kuzikata. Msizikate hata kidogo.

MamaMnazi:
Mwanangu, mimi si mtu wa maigizo ila hiyo habari naijua. Shangazi yangu alimkaribisha bwana mmoja mwenye dua ndefu. Chumba cha uani akampa, kuku akamchinjia, sisi watoto tukala dagaa. Mwisho akamkabidhi hati ya shamba la minazi "amtunzie". Shamba likauzwa, bwana akatokomea. Ukimgusia shangazi hata leo anakwambia mlimhusudu mtu wa Mungu. Yule bwana nilishamsahau sura. Kinachoniuma ni shangazi, aliyekuwa akitufukuza mezani kila tulipofungua mdomo.

BintiDunda:
Ahsanteni sana. Mama, pole. Hayo ya shangazi yamenionyesha mchezo huu uzito wake uko wapi. Tartuffe haingii jukwaani mpaka sehemu ya tatu kati ya tano! Muda wote huo tunayemtazama ni Orgon, na Molière nafasi hiyo aliicheza mwenyewe.

Chukueni pale anaporudi kutoka shamba. Dorine, mtumishi, anamwambia mkeo alishikwa na homa na kichwa kikali. Orgon anauliza, "Na Tartuffe?" Anajibiwa: mzima, mnene, midomo myekundu. "Maskini!" Mke hakuweza kutia kitu mdomoni, Tartuffe kala kwale wawili na nusu paja la kondoo. "Maskini!" Mke hakulala usiku kucha, mwenzie kalala fofofo mpaka asubuhi. "Maskini!" Kijana wetu alikuwa akilisema neno hilo kwa kuchekesha. Sasa nitamtaka aliseme kwa huruma ya kweli kabisa, kwa sababu Orgon anampenda mtu huyu kuliko watu wake wa damu, na anatumia jina la Mungu kuwanyamazisha. Kwangu hapo ndipo dini inapochafuliwa, na kulisema hilo si kuikejeli.

Nimeamua: Tartuffe atavaa shati jeupe la mikono mirefu na suruali nyeusi, bila tasbihi wala rozari. Najua nguo haitoshi, lakini sitaki mtu aondoke akidhani tunamsema jirani yake. Cléante anabaki na kila neno lake. Mzee nitamwalika aje amsikilize.

Mama, ukiniruhusu, lile neno "mlimhusudu" nitampa Bi Pernelle, mama yake Orgon. Naye mwanawe anamwambia nimeona kwa macho yangu mawili, na bado hakubali.